Hipanatremia baada ya kujifungua na madhara yake kwa ubongo wa mzazi

Hipanatremia ni hali ya sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi ya kawaida, kuzidi katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, sodiamu huwa kati ya milimoli (kizio cha kupimia wingi wa chembe) 135 na 145 kwa lita moja ya damu, na ikipita 145 ndipo jina hilo hutumika. Mara nyingi chanzo huwa ni maji yaliyopungua mwilini, wala si chumvi iliyoongezwa kwenye chakula.

Mwanamke aliyetoka kujifungua hupoteza maji kwa njia kadhaa kwa pamoja: damu, jasho, mkojo mwingi wa siku za mwanzo, na maziwa, ambayo karibu asilimia 87 yake ni maji. Kinga yake ni kiu. Ikiwa anasikia kiu na maji yapo karibu, ni nadra sodiamu kupanda kiasi cha kudhuru. Hatari huanza pale anapozuiwa kunywa. Katika jimbo la Karnataka, India, madaktari wa mishipa ya fahamu wameeleza habari za wazazi waliofikishwa hospitali wakiwa wamechanganyikiwa au wamepoteza fahamu, baada ya mila ya nyumbani kuwapunguzia sana maji katika siku za uzazi. Wanaowanyima maji huwa ni watu wanaowapenda, wakiamini kwamba wanawasaidia kupona, na hilo ndilo linaloumiza zaidi.

Sodiamu ikizidi katika damu, huvuta maji kutoka ndani ya seli, na seli za ubongo husinyaa. Ubongo wenyewe hupungua ukubwa na kujitenga kidogo na fuvu, hata vijishipa vinavyoushikiza kwenye utando wake vikavutika na pengine kukatika, damu ikavuja. Damu ya mzazi huwa tayari ina wepesi wa kuganda kuliko kawaida, na upungufu wa maji huongeza uwezekano wa donge la damu kuziba vena za ubongo, yaani mishipa inayorudisha damu kuelekea moyoni. Dhara jingine huipata mielini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu: mabadiliko ya ghafla ya sodiamu huiharibu, hasa katika daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo na sehemu nyingine za ndani. Mgonjwa huanza kusema kwa shida, viungo hukakamaa au kulegea, na kumeza huwa kazi. Misuli nayo huweza kuvunjika na kuziumiza figo.

Kwa nje, dalili hizi hufanana na mambo mengine. Mzazi akishikwa na mitukutiko, wazo la kwanza huwa kifafa cha mimba, nalo ni wazo sahihi kuanza nalo; akiweweseka au asimtambue mtoto wake, husemwa amepata kichaa cha uzazi, au amepandwa na jini. Ulimi mkavu na mkojo mchache, wenye rangi iliyokolea, ni ishara za kutiliwa maanani, lakini kinachotoa jibu ni kipimo cha damu cha elektrolaiti, yaani chumvi za damu kama sodiamu, na kwa maoni yangu hakuna mzazi aliyechanganyikiwa anayepaswa kukikosa.

Tiba ni maji, nayo ina mwiko wake. Hali ikidumu zaidi ya siku mbili, seli za ubongo huwa zimejikusanyia chembechembe za kushikilia maji yaliyobaki; maji yakirudishwa kwa haraka, seli huyanywa kupita kiasi na ubongo ukavimba. Kwa hiyo madaktari wengi hushusha sodiamu kwa takribani milimoli 10 kwa siku. Mzazi aliyefika na 180 atahitaji siku tatu na nusu kufikia 145. Ndugu walioketi kando ya kitanda, wakiona dripu inadondoka polepole, huenda wakadhani muuguzi amezembea, kumbe mwendo huo umepigiwa hesabu, na damu huchukuliwa tena kila baada ya saa chache ili kujua kama uongezwe au upunguzwe.