Gari kutetemeka asubuhi sio lazima plagi

Jamani hili la kuambiwa "badilisha plagi" kila gari ikitetemeka asubuhi linamaliza watu hela bure. Plagi zikichoka kweli, mara nyingi gari inamisi (inakosa kuchoma mafuta vizuri) hata ikiwa na moto, hasa ukipanda mlima, sasa kama yako inatetemeka dakika tatu za kwanza tu halafu inatulia, angalia kwingine kwanza.

Petroli kwenye injini ya baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kontroli boksi (kompyuta ya gari) inaongeza mafuta na kupandisha sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, mfano Toyota IST yenye injini ya 1NZ asubuhi inaanza juu ya mizunguko 1000 kwa dakika alafu inashuka taratibu mpaka kama 700. Inajua kuna baridi kupitia sensa ya joto la maji, na sensa hiyo ikidanganya kwamba injini ina moto, mafuta yanatoka kidogo na gari inatetemeka, na taa ya cheki injini inaweza isiwake kabisa! Hapa ndo wengi wanapotea.

Mwambie fundi aunganishe mashine ya kusoma sensa asubuhi kabla hujawasha, joto la maji na la hewa yatakiwa yakaribiane maana gari imelala. Moja ikisema nyuzi 22 nyingine 60, umeshampata mwizi.

Zikilingana, safisha throto (mlango wa hewa ya injini), halafu kagua mipira ya hewa na gasketi ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye injini), mpira uliokakamaa unavuta hewa ukiwa wa baridi alafu ukipata joto unalainika unaziba.