Kutoka Kazini Hadi Uwanjani: Soka la Wenye Ajira Mbili Lilivyorudi Wakati wa Korona

Fundi umeme anafunga sanduku lake la vifaa saa kumi na moja jioni, anawapitia wenzake wawili njiani, na ikifika saa moja usiku wote watatu wanapasha misuli joto uwanjani. Jumanne hivyo, Alhamisi hivyo, Jumamosi mechi. Mchezaji wa namna hii ni wa kawaida kabisa katika madaraja ya chini ya Scotland. Analipwa kucheza, ana mkataba na klabu, lakini kinachomlipia kodi ya nyumba ni waya na swichi. Mimi huwaita wanasoka wa jioni.

Korona ilipokuja, habari nyingi za michezo zilihusu klabu kubwa: lini zitarudi, nani atapewa kombe, televisheni italipa au itadai fedha zake. Katika kazi yetu ya tiba ya michezo maswali magumu zaidi yalitoka chini, kwa wanasoka wa jioni. Nimeichagua Scotland kwa sababu huko waliwasha moto wa ligi hizi mara mbili ndani ya msimu mmoja, na mara zote mbili kuni zilikuwa mbichi.

Soka lote la Scotland lilisimamishwa tarehe 13 Machi 2020. Katikati ya Aprili, baada ya kura ya klabu iliyozua ugomvi mkubwa, madaraja matatu ya chini yalifungwa moja kwa moja na msimamo ukapangwa kwa wastani wa pointi kwa mechi. Partick Thistle, klabu ya daraja la pili, walishuka daraja wakiwa bado na mechi mkononi. Ligi Kuu ilirudi tarehe 1 Agosti. Madaraja ya chini yakangoja hadi katikati ya Oktoba, tena kwa msimu uliokatwa kutoka mechi 36 hadi 27. Hata hiyo haikutimia: tarehe 11 Januari 2021 mpira wote ulio chini ya daraja la pili ukasimamishwa tena. Uliporudi tarehe 20 Machi, ligi za daraja la tatu na la nne zilipunguzwa hadi mechi 22.

Kwa nini waliofungiwa ni wa chini, na wa juu wakaachwa waendelee? Watu wengi hudhani jibu liko uwanjani, kwamba wachezaji wanagusana, wanatema mate, wanashika mpira mmoja. Mpira wenyewe haukuwa tatizo. Kirusi hiki kinasafiri hasa kwa hewa ya pumzi, na Uingereza ilimhesabu mtu kuwa wa karibu na mgonjwa akikaa naye ndani ya mita mbili kwa dakika 15 au zaidi. Beki na mshambuliaji wake hukaribiana kwa sekunde chache chache, kwenye hewa wazi yenye upepo. Ukizijumlisha sekunde hizo kwa dakika 90, mara nyingi hazifiki robo saa.

Robo saa inapatikana kwa urahisi kwenye gari. Rudi kwa yule fundi umeme na wenzake wawili: watu watatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, saa nzima ya barabara, redio juu na wote wanaongea kwa sauti. Hapo umeshatengeneza chumba kidogo cha maambukizi chenye magurudumu. Ushauri ulikuwa usichangie gari na mtu asiye wa nyumba yako, na ikibidi basi barakoa na madirisha wazi. Kwa klabu ya kulipwa ya muda wote hilo ni usumbufu mdogo. Kwa wanasoka wa jioni kuchangia gari ndiyo njia yenyewe ya kuendesha timu, maana wanaishi miji tofauti na mafuta yanagharimu. Tazama ramani: Stranraer iko kwenye ncha ya kusini-magharibi, Elgin iko kaskazini-mashariki, na msimu huo zote zilikuwa ligi moja. Kati yao kuna takriban kilomita 400 za barabara. Weka kikosi kizima kwenye basi, kila mmoja na siti yake, dirisha wazi mwezi wa Novemba, halafu umwambie kipa acheze vizuri akifika.

Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa hatari ya namna hiyo hiyo. Vingi katika madaraja hayo ni vidogo, vyenye dari fupi na dirisha moja. Vilifungwa au vikapunguziwa muda, na wachezaji wakaelekezwa kufika wakiwa wameshavaa jezi na kuoga nyumbani. Aliyewahi kusimama Gayfield, uwanja wa Arbroath ambao Bahari ya Kaskazini inapiga karibu na ukuta wake, ataelewa uzito wa agizo hilo. Mwili uliolowa jasho katika upepo ule hauhitaji korona ili uugue.

Kuna jambo ambalo mwongozo wa kitabibu hauwezi kulitatua. Mchezaji wa Ligi Kuu alikuwa anatoka nyumbani, anakwenda kambini, anarudi nyumbani. Unaweza kumwekea uzio. Mwanasoka wa jioni hawekewi uzio, kwa sababu kabla hajafika mazoezini amekwisha kushinda darasani na watoto 30, au kwenye mjengo, au katika nyumba ya kutunzia wazee. Timu ya watu 20 ni sehemu 20 za kazi zinazokutana kila Jumanne usiku. Hatari nayo inakwenda na kurudi: mwalimu anaweza kuleta ugonjwa mazoezini, na anaweza kuuchukua mazoezini akaupeleka shuleni.

Sasa fikiria mwenzake mmoja amekutwa na maambukizi. Wakati ule mwalimu huyu alitakiwa ajitenge siku 14 (zilipunguzwa hadi 10 mwezi Desemba 2020). Klabu itaelewa. Mkuu wa shule je? Atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini darasa likose mwalimu wiki mbili kwa sababu ya mpira. Fundi aliyejiajiri hana hata bosi wa kumuuliza. Asipofanya kazi hakuna kinachoingia. Aliyeajiriwa alikuwa na posho ya ugonjwa ya kisheria, paundi 95.85 kwa wiki, fedha isiyomtosha mtu mwenye familia. Katika hali hiyo kishawishi cha kuficha kikohozi ni kikubwa mno. Simlaumu mchezaji. Ukitengeneza utaratibu ambao mkweli anapoteza mishahara miwili na muongo hapotezi kitu, umeshachagua nani atajaza fomu yako ya dalili kwa uaminifu.

Klabu nazo zilikuwa na kigugumizi chao. Katika kipindi cha kusimama, serikali ya Uingereza ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyepumzishwa, hadi paundi 2,500 kwa mwezi, na mwenye ajira mbili aliweza kupumzishwa kwenye zote mbili. Lakini saa ambazo mtu alifanya kazi hazikulipiwa na ruzuku. Siku klabu ilipoita mazoezi, mzigo wa mishahara ulirudi kwake, na getini hapakuingia mtu. Klabu za daraja la tatu na la nne haziishi kwa televisheni. Zinaishi kwa tiketi, kwa pai za nyama za wakati wa mapumziko, kwa baa ya klabu, na kwa duka la mjini lililoweka bango pembeni ya uwanja. Vyote vilikuwa vimefungwa. Tajiri mmoja wa Edinburgh, James Anderson, alitoa zaidi ya paundi milioni 3 katikati ya mwaka 2020, na kila klabu kati ya 42 za ligi ikaweza kuomba paundi 50,000. Zilisaidia wengi kuvuka, lakini ligi kutegemea moyo wa mtu mmoja si mpango.

Kuhusu vipimo nitasema kwa ufupi. Ruhusa ya Machi 2021 ilikuja na sharti la PCR, kipimo cha korona cha maabara, kila wiki. Timu ya muda wote ilipimwa asubuhi, wote wakiwa pamoja kambini. Wanasoka wa jioni wanakutana usiku, kwa hiyo sampuli ya puani ilichukuliwa usiku, ikasafirishwa, na majibu ilikuwa lazima yapatikane kabla ya mechi. Aliyesimamia zoezi zima mara nyingi alikuwa mtu wa kujitolea, ambaye naye alikuwa na kazi yake ya mchana.

Mwili ndio sehemu yangu, na hapa sitakimbia.

Mchezaji aliyefungiwa nyumbani kwa kawaida hukimbia barabarani. Ni vizuri kwa moyo na mapafu. Lakini kukimbia barabarani ni mwendo mmoja, mbele tu, kasi ileile. Mpira ni kuchomoka ghafla, kufunga breki, kugeuka kwa mguu mmoja huku mtu amekuegemea. Msuli wa nyuma ya paja na kano ya kisigino vinazoea mizigo hiyo kwa kuibeba, na vikikaa miezi miwili bila kuibeba vinaisahau. Ushahidi ulikuwepo kabla ya korona. Mwaka 2011 wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walifungiwa nje ya vituo vya klabu zao kwa zaidi ya miezi minne kwa sababu ya mgogoro wa mikataba. Kambi zilipofunguliwa, kano 10 za kisigino zilikatika katika siku 12 za mwanzo, na nyingine 2 katika wiki mbili na nusu zilizofuata. Hao walikuwa wanamichezo wenye madaktari na mashine za kila aina.

Mwanasoka wa jioni alipewa nini Machi 2021? Wiki chache za mazoezi ya usiku, halafu mechi hadi tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ili ratiba imalizike. Kati ya mechi ya Jumanne usiku na ya Alhamisi usiku kuna siku moja, na siku hiyo yumo juu ya ngazi anavuta waya. Tunapohesabu mzigo wa mchezaji, wengi tunahesabu dakika za uwanjani tu. Kwa mtu huyu hesabu hiyo ni ya uongo.

Kinga ya bei nafuu ipo, na nilikuwa nikiieleza kwa simu mara nyingi kipindi kile. Programu ya FIFA ya kupasha misuli, ile ya 11+, huchukua takriban dakika 20, haihitaji kifaa maalumu, na ndani yake kuna zoezi la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu, kisha unajishusha mbele taratibu mpaka mikono ipokee. Zoezi hilo linaimarisha msuli wa nyuma ya paja kuliko karibu lolote lingine la namna yake. Shida ya karantini: nani akushike vifundo? Ingiza visigino chini ya fremu ya kitanda kizito, weka mto chini ya magoti, fanya mara tatu hadi tano, siku mbili kwa wiki. Kesho yake utatembea kama umepigwa. Ni kawaida, itapita.

Aliyeugua korona, hata kwa homa ndogo, ana hesabu tofauti, kwa sababu kirusi kinaweza kuacha uvimbe kwenye msuli wa moyo, na mazoezi makali juu ya moyo wenye uvimbe yanaweza kuua. Mwongozo uliotumiwa na wataalamu wa tiba ya michezo Uingereza mwaka 2020 ulitaka apumzike angalau siku 10 tangu dalili zianze, saba kati ya hizo bila dalili yoyote, ndipo aanze kupanda hatua kwa hatua kwa wiki nyingine nzima. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, au pumzi kukatika kwenye ngazi za kawaida: acha, nenda hospitali. Klabu isiyo na daktari wa kila siku inapaswa kumwandikia mchezaji siku hizo kwenye karatasi na kumkabidhi, maana kocha mwenye wachezaji 12 tu wazima hawezi kuwa hakimu wa haki.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshawaona watu wake humu. Wachezaji wa ligi zetu za mikoa wanaoendesha bodaboda mchana wana mwili na mfuko uleule. Tofauti yetu moja inanivutia: msimu wa 2019/20 Ligi Kuu Bara ilikuwa na Tanzania Prisons, Polisi Tanzania, JKT Tanzania na Ruvu Shooting, timu za majeshi na vyombo vya ulinzi. Kwa mchezaji aliyeajiriwa na chombo chenye timu, mwajiri na klabu ni nyumba moja. Kiongozi anayempa likizo ya kujitenga anajua pia ratiba ya mechi. Yule wa Scotland ana mabwana wawili wasiopigiana simu.

Kwamba wanasoka wa jioni wanaweza mpira, halikuwa swali. Novemba 2020 Alloa, timu ya wanasoka wa jioni, waliwatoa Hearts, klabu kubwa ya Edinburgh, katika Kombe la Ligi baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 23 Machi 2021 Hearts haohao, wakiongoza daraja lao, walikwenda kaskazini kucheza na Brora Rangers, timu ya kijiji cha pwani ambayo haikuwa imecheza mechi ya mashindano tangu Januari. Brora walishinda 2–1 katika Kombe la Scotland. Wiki moja baadaye ligi yao ya Highland, iliyo chini ya daraja la nne, ilifutwa, nao wakatangazwa mabingwa baada ya kucheza mechi tatu tu za msimu mzima. Raundi iliyofuata ya kombe ikawapeleka Stranraer, karibu kilomita 500 kutoka kwao, na wakatolewa. Jumatatu wenye kazi walikuwa kazini.