Je, wajua kwa nini Yesu aling'ara mlimani kabla ya kuteswa?

Tarehe 6 Agosti, kusi ingali ikivuma hapa Malindi, Wakatoliki huadhimisha Sikukuu ya Kung'ara kwa Bwana. Kisa hichohicho huwa wamekwisha kukisikia Dominika ya pili ya Kwaresima, katika joto la kaskazi. Kwa nini Kanisa likiweke kisa chenye mwanga mwingi hivi katikati ya siku za kufunga na kutubu?

Yesu aliwachukua Petro, Yakobo na Yohane, akapanda nao mlima mrefu, ambao mapokeo yanasema ni Tabor, kule Galilaya. Uso wake ukang'aa kama jua. Mavazi yake, asema Marko, yakawa meupe kupita anavyoweza dobi yeyote duniani. Wakatokea Musa na Eliya, wanaowakilisha Torati na Manabii, wakizungumza naye.

Wengi hukiita kisa hiki Kugeuka Sura, na jina hilo linaweza kupotosha. Ukisikia fulani kageuka sura, unadhani amekuwa mtu mwingine. Yesu hakuwa mwingine. Mitume walionyeshwa utukufu aliokuwa nao siku zote, uliofichika ndani ya seremala wa Nazareti. Ndiyo maana mimi napenda zaidi neno kung'ara.

Sasa tazama siku yenyewe. Siku chache tu nyuma Yesu alikuwa amewaambia kwamba atateswa, atauawa na siku ya tatu atafufuka. Petro alikataa katakata kulisikia hilo. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, alihubiri kuwa Yesu aling'ara hasa ili msalaba usije ukawa kikwazo mioyoni mwa wanafunzi wake. Luka naye anatuambia Musa na Eliya walizungumza nini: kifo chake kitakachotimia Yerusalemu. Kumbe msalaba ulitajwa mle mle ndani ya utukufu! Na watatu walewale ndio aliowachukua baadaye Gethsemane, alikosali usiku wa kukamatwa kwake, wakamwona akihuzunika kiasi cha kufa.

Petro alipenda kubaki. "Bwana, ni vizuri sisi kuwapo hapa," akasema, akataka kujenga vibanda vitatu. Sisi wa pwani tunamwelewa mvuvi huyu: boriti kadhaa, makuti juu, na kivuli kimepatikana. Lakini kabla hajamaliza kusema, wingu jeupe likawafunika na sauti ikatoka humo: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye, msikieni yeye." Kanisa linafundisha kuwa hapo Utatu wote ulijionyesha: Baba katika sauti, Mwana katika mwili wake, Roho katika wingu.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo linalogusa zaidi. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba Kristo ataubadili mwili wetu wa unyonge ufanane na mwili wake wa utukufu. Mwanga wa Tabor, basi, ni ahadi kwa miili yetu pia, hii inayochoka, inayougua na kuzikwa. Mwaka 1542 mmisionari Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea India, na mmoja wa wasafiri wenzake akazikwa hapa. Kikanisa kidogo cha Wareno kingalipo karibu na bahari, kimeezekwa makuti, makaburi yakikizunguka. Mkristo anayesimama pale akisali anaomba kwa tumaini hilohilo.

Tangu mwaka 2002, Papa Yohane Paulo II alipoongeza katika sala ya rozari Matendo ya Mwanga, yaani matukio matano ya maisha ya Yesu ya kutafakari, kisa hiki kina fungu lake humo, tendo la nne.

Mitume walianguka kifulifuli kwa hofu. Yesu akawagusa: "Inukeni, wala msiogope." Walipoinua macho hawakumwona Musa wala Eliya, ila Yesu peke yake. Wakashuka naye, na huko chini wakamkuta baba mmoja amepiga magoti, akimlilia Yesu amhurumie mwanawe mwenye kifafa.