Glock haina usalama?

Wengi wakiiona Glock 17, bastola ya Austria ambayo jeshi la huko liliichagua mwaka 1982, husema haina usalama kwa kuwa ubavuni hakuna swichi ya kusukuma kwa kidole gumba. Si kweli. Ina kinga tatu, na zote hujiondoa zenyewe triga inapovutwa. Inayoonekana ni moja tu, kile kiulimi chembamba katikati ya triga. Usipokibonyeza, triga haisogei. Nyingine zimo ndani: moja huziba njia ya pini ya kufyatulia, nyingine huzuia bastola isifyatuke ikianguka. Ila nguo ikinasa triga na kuivuta, zote tatu zimeondoka.

Kosa la kinyume naliona baya zaidi, yaani kudhani kila swichi ya ubavuni ni usalama. Kwenye SIG Sauer P226 ya kawaida, swichi iliyo juu ya mshiko upande wa kushoto hushusha nyundo (kipande kinachopiga pini ya kufyatulia) tu, haifungi triga. Kwenye Beretta 92FS, swichi moja hushusha nyundo na pia huzuia bastola isifyatuke. Colt M1911 ina swichi ya gumba, pamoja na kinga nyuma ya mshiko inayobanwa na kiganja.