Je, wajua kwa nini Rottweiler anayerukia ukuta huhangaika kwenye viunzi vya sentimita 60?

Jirani yangu hapa Kisasa, Dodoma, ana Rottweiler dume anayelinda nyumba. Siku moja paka alipita juu ya ukuta, mbwa akamrukia, na kucha zake zikaacha michirizi kwenye plasta, juu kuliko kichwa changu. Kwa hiyo niliposikia kuna mashindano ya mbwa kuruka viunzi, na kwamba mbwa wakubwa huruka sentimita 55 hadi 60 tu kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, niliamini kabisa kwamba mbwa yule angewaacha wenzake mbali. Nguvu anazo, kifua anacho, sentimita 60 ni nini kwake?

Nilikosea, na wafugaji wengi wa mbwa wa ulinzi hukosea vivyo hivyo. Tunadhani mtihani ni kupanda. Mtihani ni kutua, kisha kukata kona papo hapo, tena na tena.

Mchezo wenyewe ulionyeshwa kwanza London mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kwa kuiga farasi wanaoruka viunzi. Mbwa hupita viunzi, mahandaki, daraja jembamba na pembea ya ubao unaopanda na kushuka, huku bwana wake akikimbia pembeni na kumwelekeza kwa sauti na mikono, bila kumgusa.

Sasa rudi kwa yule mbwa wa Kisasa. Alipotua, miguu ya mbele ilitanuka, kifua kikakaribia kugusa chini, na alipogeuka kumfuata paka, nyayo zilichimba mavumbi kama jembe. Nilichutama nikaitazama alama ile. Jibu lilikuwa pale.

Chukua boksi moja la zabibu, la mchemraba. Sasa panga maboksi 8 yapate umbo lilelile lakini kubwa mara mbili: mawili kwa upana, mawili kwa urefu, mawili kwenda juu. Uzito umekuwa mara 8, lakini yanayogusa ardhi ni manne tu. Kila boksi la chini limebeba jingine kichwani. Mwili wa mbwa ni hivyohivyo: ukikua kwa umbo lilelile, uzito huongezeka kasi kuliko unene wa mifupa na kano zinazoubeba. Border Collie dume, bingwa wa mchezo huu, ana kimo cha sentimita 53 na kilo kama 20. Rottweiler dume ana sentimita 61 hadi 68 na kilo kama 50. Kimo kimezidi kidogo, uzito zaidi ya mara mbili, na kiunzi ni kilekile.

Halafu kona. Aliyepita mlima Sekenke, kule Singida, ameona jinsi lori lenye shehena linavyopunguza mwendo pale ambapo pikipiki inainama tu na kupita. Kwa mwendo uleule na kona ileile, mwenye uzito mara mbili anahitaji ardhi imshike mara mbili. Kwa mbwa, mshiko huo hupitia vifundo na mabega, na hata akisimama tu, miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake.

Vifaa navyo vinambana. Nguzo za kupita kwa kujipinda hupishana sentimita 60, na mwili wa Rottweiler ni mrefu kuliko hapo. Handaki lina kipenyo cha sentimita 60, basi huingia ameinama.

Hata hivyo, wapo Rottweiler wanaoshindana na kumaliza vizuri, na hili linanifurahisha sana. Mababu zao kule Rottweil, Ujerumani, waliswaga ng'ombe wa wachinjaji, kazi ya kugeuka na kusikiliza. Akili ipo. Kama uzito huo huwaletea majeraha zaidi mchezoni, hilo tuliseme kwa tahadhari, maana tafiti nyingi hutegemea majibu ya wenye mbwa wenyewe.

Jirani ameanza kumfundisha alfajiri, kabla jua la Dodoma halijawaka, kwa sababu mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Fito amezilaza chini kabisa, kwani mbwa hajafikisha miezi 18, umri ambao FCI huruhusu kushindana. Kwa sasa anajifunza kona tu, taratibu, kwenye mchanga.