Fungueni Dirisha: Maswali Kuhusu TB (Kifua Kikuu) na Hewa ya Hospitali

Nimempeleka mtoto kliniki, jirani yangu benchini anakohoa. Nihame?
Wengi wanaokohoa wana mafua tu. Ila anayekohoa wiki 2 au zaidi, hasa akikonda au kutoka jasho usiku, anahitaji kupimwa TB. Mimi humhofia zaidi huyu wa kwenye foleni, ambaye hajajijua, kuliko aliyekwisha anza dawa na zinamfaa. Mwambie nesi wa mapokezi. Anatakiwa kumpa barakoa, kumtenga na wenzake na kumtanguliza kwa daktari. Watu hunung'unika kwamba karuka foleni, waacheni wanung'unike.

TB inapitaje hewani?
Mgonjwa akikohoa, akiimba au hata akiongea, hutoa chembe ndogo zinazoelea kwa saa kadhaa. Kwa hiyo anaweza kuwa ameshaondoka, hewa yake ikabaki chumbani. Surua nayo hukaa hewani kwa muda unaofika saa 2.

Je, sahani na kupeana mikono?
TB haipiti huko.

Mbona manesi wanafungua madirisha hata kukiwa na baridi?
Hewa ikipita, chembe hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima vyumba 70 katika hospitali 8 za Lima, Peru. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mitambo vilikadiriwa mara 12. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha mapana, yaliyashinda ya kisasa. Nikiona wodi ya zamani inazibwa madirisha ili ifungwe kiyoyozi, huwa nasikitika.

Feni haitoshi?
Dirisha likiwa limefungwa, feni inazungusha hewa ileile. Lifunguliwe, na mhudumu akae upande upepo unakotokea, mgonjwa upande unakoelekea.

Barakoa ipi?
Mgonjwa avae ile ya kawaida ya hospitali, inazuia anachokitoa. Mhudumu anahitaji N95, barakoa inayochuja chembe ndogo za hewani, iliyobana uso vizuri. Ndevu huacha mwanya.

Nimeambiwa nikatoe makohozi ya kupimwa nje, mbele za watu. Kwa nini nisiende chooni?
Choo ni kidogo na hewa yake imesimama, anayeingia baada yako ataivuta. Omba sehemu ya wazi iliyo pembeni, mbali na foleni.