Mgeni na mchumba wa Kitanzania: anavyodhani na ilivyo

Nafundisha wageni Kiswahili hapa Arusha. Ukikaa na mtu saa nzima mkirudia "nilikupenda, hukunipenda", mwisho atakumwagia ya moyoni. Wengi wanaipenda nchi asubuhi, jioni wanaichukia. Wananiambia: watu wakarimu, lakini kila siku naombwa hela. Mapenzi matamu, lakini yana ndugu wengi. Mengine ni kweli tupu. Mengine yamekaa upogo kidogo tu, na huo upogo ndio unaovunja uchumba wa watu.

"Watanzania hawajali muda"

Tunachelewa, sikatai. Lakini kuna kijana wa Kijerumani aliyemwalika binti kula naye, binti akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba waonane saa mbili, akiitafsiri neno kwa neno. Jamaa akafika mgahawani saa nane mchana, amechomekea, na ua mkononi. Akanywa soda nne. Binti alitokea saa mbili usiku, dakika ileile waliyopatana, amesuka upya, akamkuta mtu amenuna na ua limelala. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Ongeza sita au toa sita. Siku ile hakuna aliyechelewa.

"Mpenzi akiomba hela, hakupendi"

Hii ndiyo inayoniletea wanafunzi darasani na macho mekundu. Wananionyesha simu: "Naomba nitumie elfu ishirini na ya kutolea." Naanza na ya kutolea. Ukienda kwa wakala kutoa hela unakatwa ada, kwa hiyo mtumaji muungwana huiongeza juu. Pesa za simu zimekuwepo nchini tangu 2008, na siku hizi hata muuza nyanya ana namba yake. Kuomba kumekuwa rahisi kama kusalimia.

Na vijana wetu wenyewe wanaombana hivyohivyo: vocha, nauli, ya kusuka. Anayekuomba amekuhesabu kuwa wa kwake. Usipoombwa kabisa ndipo ujiulize. Mgeni ametoka mahali ambapo bili hukatwa katikati na wote wakaona ni heshima. Hapa ukimkatia binti bili katikati siku ya kwanza, habari zitafika kwao kabla yeye hajashuka kwenye bodaboda.

Ila tusidanganyane, wachuna buzi wapo, wa kike na wa kiume. Waulize wanawake wa Kizungu walioachiwa madeni na vijana wa ufukweni. Mimi huwaambia watazame mambo mawili. Anaomba nini: nauli na dawa ya mama, au simu mpya kila mwezi? Na yeye analeta nini? Embe za kwao, shati lako lililopigwa pasi, kuamka usiku kukupeleka hospitali, vyote vinahesabika. Shangazi yuleyule akifa mara ya pili, funga mkoba wako.

"Ananificha, hanishiki hata mkono barabarani"

Mgeni anaona wanaume wawili wameshikana mikono wakipiga stori kuelekea stendi, halafu mpenzi wake mwenyewe anatembea hatua mbili mbele. Anachanganyikiwa, na simlaumu. Marafiki wa jinsia moja hushikana mikono bila neno. Kumbusu mpenzi mbele za watu ndiyo aibu, na ukiwa Pwani au Zanzibar aibu hiyo ni kubwa zaidi. Kuhusu kutokupelekwa kwao: kwenda kwao si kunywa chai tu. Ukiingia sebuleni na kumwamkia baba shikamoo, nyumba nzima inaanza kusubiri barua ya posa. Usipoileta, wewe utapanda ndege. Maswali ya majirani atabaki nayo yeye.

"Mahari ni kununua mke"

Niliwahi kwenda kikao cha posa kama mkalimani, upande wa bwana harusi, Mmarekani. Orodha ikasomwa: blanketi la bibi, mbuzi wa wajomba, mkaja wa mama, ng'ombe ambao wote tulijua watageuzwa hela. Mteja wangu akatoa kalamu, akajumlisha, akauliza kama atapewa risiti. Mshenga alimkanyaga mguu chini ya meza.

Ni kwamba mahari kwa kawaida hayamalizwi. Kitu kinaachwa makusudi, kwa sababu deni likiisha, safari za kutembeleana nazo hupungua. Wapo wanaume wanaoyachukulia kuwa bei kweli, na wanawake wamelipia kwa kipigo; hilo silifuniki. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama mila ya mahari haikufuatwa. Inachodai ni pamoja na tangazo la siku 21, na hilo wageni husahau, wanakuja na tiketi ya kurudi ya wiki mbili.

"Nikioa hapa nitapata uraia na kiwanja"

Uraia: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuuomba kwa njia ya ndoa. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo, anapanga foleni pamoja na waombaji wengine. Na mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili.

Ardhi: Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo maana wengi huandikisha kwa jina la mchumba. Mapenzi yakiisha, nyumba inabaki kwa mwenye jina, na aliyenunua kila tofali anabaki na picha kwenye simu.

Kuna na wale wanaosema watakaa pamoja tu bila kufunga ndoa ili wasibanwe. Kifungu cha 160 cha sheria ileile ya ndoa kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakawajua kama mke na mume, mnadhaniwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama inaweza kuamuru matunzo.

"Umenenepa" na "mchumba!"

La kwanza ni sifa, la pili ni biashara. Muuza mitumba anayekuita mchumba anawaita hivyo wateja wote, bibi yangu akiwemo.

"Ni maskini lakini wana furaha"

Hii inanichosha kuliko zote, na husemwa kwa nia njema. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika daftarini kwamba mama mwenye nyumba wake hajawahi kuwa na siku mbaya, kwa sababu kila asubuhi hujibu "nzuri". Nikamwambia kesho asiondoke baada ya jibu, asubiri kidogo.

Kesho yake akamuuliza habari za nyumbani.

"Nzuri," akasema mama. Akaendelea kufagia. "Ila jana tumemzika mdogo wangu."